Majengo, Moshi: Sinema Ndani ya Boksi la Vitabu

Waambie watu unakwenda Moshi wikiendi, halafu usikilize maswali. La kwanza: "Unapanda mlima?" La pili, kama bado hujaoa au hujaolewa: "Ahaa, umepata Mchaga?" La tatu, kama ni Desemba: "Tiketi ya basi umeipata kweli?" Hakuna hata mmoja atakayekuuliza kama unakwenda kutafuta vitabu.

Basi mwezi huu, msomaji wangu, ukurasa wa safari unakupeleka Moshi kwa sababu hiyo hiyo isiyoulizwa. Hatupandi mlima, hatuendi kuonja kahawa. Tunashuka Majengo kusaka vitabu vya filamu vilivyotumika. Namaanisha zile riwaya ambazo jaladani zina picha ya sinema yenyewe: staa wa kiume kamshika staa wa kike kiunoni, na maneno makubwa kwamba sasa ni filamu kabambe. Usizidharau. Kuna watu duniani wanazikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu, na baadhi yake zina bei itakayokufanya ukae chini.

Majengo yenyewe

Jina la Majengo si la Moshi peke yake. Kuna Majengo Mombasa, kuna Majengo Nairobi, kuna Majengo Dodoma. Ni mitaa ya Waswahili, ya watu waliokuja mjini kutafuta maisha, na Majengo ya Moshi nayo haijaacha tabia hiyo. Nyumba za bati zimesogeleana, fundi cherehani yuko barazani, mama ntilie ana sufuria la mtori jikoni, bodaboda wamepanga foleni wakibishana Simba na Yanga. Ukiamka mapema kabla mawingu hayajafunga, unamwona Kibo amekaa juu ya mabati yote hayo na theluji yake kichwani, kama hayamhusu.

Vitabu huvikuti dukani. Unavikuta kwenye turubai chini, pembeni ya viatu vya mtumba. Unavikuta kwenye fremu ya mtu anayeuza redio mbovu. Na zaidi ya yote unavikuta ndani ya nyumba za watu, chini ya kitanda, ndani ya boksi lililofungwa kamba ya katani. Kwa nguo, watu wa Moshi watakuelekeza Memorial au Kiborloni, na hawakosei. Kwa vitabu inabidi uulize, usalimie, ukae, unywe chai. Ukija na haraka ya Dar es Salaam utarudi mikono mitupu.

Sasa kwa nini Moshi? Fikiria mwenyewe. Mji huu umepitiwa na wamisionari, walimu wa kigeni, madaktari wa KCMC tangu hospitali ilipofunguliwa 1971, na watalii wa mlima kila mwaka. Mtu akisafiri kurudi kwao habebi vitabu, ni vizito. Anamwachia mpishi, mlinzi, au jirani. Halafu wenyeji nao ni wasomaji wa siku nyingi. Na kuna sababu nyingine ambayo vijana wa leo wanaisahau: Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Kabla ya hapo ukiona filamu ukaipenda, imekwisha, imeondoka na mkanda wake. Kitabu ndicho kilichokuwa njia ya kuirudia nyumbani.

Si vyote ni ndugu

Kabla hujatoa hela yako, jifunze kutofautisha. Vitabu vya filamu viko vya aina tatu.

Aina ya kwanza ni riwaya iliyokuwepo kabla, filamu ikatengenezwa, mchapishaji akabadilisha jalada. Mfano ni *Out of Africa* ya Karen Blixen. Kitabu kilitoka 1937, filamu ikatoka 1985 na kuchukua Oscar saba, na ghafla jaladani wakawepo Meryl Streep na Robert Redford. Ndani ni maneno yale yale. Hivi kwa kawaida ni vingi na bei yake ni ya kawaida.

Aina ya pili ndiyo inayowafanya wakusanyaji wasilale: riwaya iliyoandikwa kutokana na skripti ya filamu. Hapa filamu ndiyo mama, kitabu ndicho mtoto, na mara nyingi kilichapwa kwa jalada laini tu, hakikuwahi kuwa na jalada gumu. Kwa hiyo kile kitabu chepesi cha bei ya chee ndicho toleo la kwanza lenyewe. *King Kong* kilitoka 1932, filamu ikafuata 1933. *Star Wars* kilitoka mwishoni mwa 1976, miezi kadhaa kabla ya filamu ya Mei 1977. Jaladani jina ni la George Lucas, ila aliyekiandika ni Alan Dean Foster. Nakala ya chapa ile ya kwanza watu wanaitafuta kwa tochi. Chapa zilizofuata baada ya filamu kuvuma zimejaa kila mahali.

Na wewe mpenda mapenzi, sikia hii. *Love Story* ya Erich Segal, ile iliyowaliza mama zetu, ilianza kama skripti. Studio ikamwomba aigeuze riwaya ili kuipigia debe filamu. Riwaya ikatoka siku ya wapendanao, tarehe 14 Februari 1970, na filamu Desemba mwaka huo huo. Iliuzwa kwa mamilioni. Matokeo yake ni nini? Haina bei. Kitu kupendwa na wengi hakukifanyi kuwa adimu, na hilo hata kwenye mambo mengine ya maisha unalijua.

Aina ya tatu ni ya picha na katuni. Huku kwetu usiidharau kabisa. Baada ya *Titanic* ya 1997 kutikisa dunia, mchoraji Joshua Amandus Mtani aliisimulia kwa Kiswahili katika katuni aliyoiita *Mkasa wa Mapenzi ndani ya Titanic*. Vitu kama hivyo vilichapwa kwenye karatasi duni, vikauzwa mitaani, vikasomwa mpaka vikachanika, vikafungiwa maandazi. Ukikutana na nakala nzima, shika. Ya Kiingereza ataipata mtu wa London au Chicago. Hii ya kwetu tusipoitunza sisi hakuna atakayetutunzia.

Vya nyumbani, chini ya mlima

Mkusanyaji mzuri anachagua eneo lake. Ukiwa Moshi, eneo liko wazi: filamu za Kilimanjaro na Afrika Mashariki.

Anza na *The Snows of Kilimanjaro*. Hadithi fupi ya Ernest Hemingway ilitoka 1936, filamu ikatoka 1952 na Gregory Peck, Susan Hayward na Ava Gardner. Kinachonifurahisha ni hiki: kwenye hadithi mhusika mkuu anakufa, kwenye filamu anapona. Yule mwanamke wa Ava Gardner kwenye hadithi hayupo kabisa, walimbuni watu wa Hollywood. Kwa hiyo ukinunua kitabu kwa sababu ya picha ya jaladani, utakutana na mwisho mwingine kabisa. Hata urefu wa mlima Hemingway aliandika futi 19,710, yaani zaidi ya mita 6,000, wakati leo tunahesabu mita 5,895. Mlima haujapungua, vipimo ndivyo vimeboreka.

Halafu kuna *Hatari!*, ya 1962, ya mwongozaji Howard Hawks na John Wayne wake. Jina ni la Kiswahili na alama ya mshangao juu. Ilipigwa huku huku kaskazini, na Hardy Krüger, Mjerumani aliyecheza humo, alipapenda Momella chini ya Mlima Meru mpaka akanunua shamba. Filamu hiyo nayo ilitolewa riwaya yake ya jalada laini kutoka kwenye skripti. Ni aina ya pili hiyo, unaona?

Na *King Solomon's Mines*, filamu ya 1950 iliyopigwa Afrika Mashariki. Riwaya yake ni ya 1885, lakini sisi tuna yetu, *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, tafsiri ya Kiswahili iliyochapwa tangu 1929. Babu zetu waliisoma shuleni miaka mingi kabla Stewart Granger hajavaa kofia ya uwindaji. Nakala ya zamani ya Kiswahili ni adimu kuliko ya Kiingereza yenye staa jaladani.

Kwa kizazi chetu kuna *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka Mkuki na Nyota mwaka 1999. Amil Shivji akaifanya filamu, ikaonyeshwa tamasha la Toronto Septemba 2021, na Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita wameisoma sana, kwa hiyo nakala ziko, nyingi zimepigwa mistari ya kalamu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Safi, isiyoandikwa kitu, ya chapa ya kwanza? Hiyo ndiyo kazi.

Namna ya kupima

Ukishika kitabu, usianze na jalada. Fungua ukurasa wa haki miliki, ule wenye maandishi madogo. Tafuta mwaka na mstari wa namba. Vitabu vingi vina namba kumi zimepangwa, na ile ndogo kuliko zote inakuonyesha ni chapa ya ngapi. Ukiiona 1, endelea. Ukiona inaanzia 7, punguza mapigo ya moyo.

Kama ni cha Uingereza na hakina namba, angalia bei iliyochapwa. Waingereza walibadilisha hela yao Februari 1971. Bei ya shilingi na peni, mfano 3/6, inakwambia ni cha kabla au cha wakati huo huo wa mabadiliko. Ikiwa na peni mpya peke yake, ni cha baadaye.

Kisha mgongo wa kitabu. Mistari ya mikunjo ni ya kusomwa, hailiwezi jambo hilo, lakini kila mkunjo unapunguza. Hesabu kurasa, hasa za mwisho, maana wapo waliochana mwisho wa hadithi wakawashia jiko. Nusa. Moshi mvua zikikaa, unyevu unaingia, na harufu ya uvundo haitoki. Angalia matundu ya wadudu. Mchwa akishaonja kitabu kimoja, boksi zima lina kesi ya kujibu.

Mwisho ni maandishi ya mkono. Jina la mwenye kitabu, salamu za Krismasi, busu la lipstiki. Kwa soko, vyote hivyo vinashusha bei, labda aliyeandika awe mtu maarufu. Kwa soko, nimesema.

Boksi la bibi

Sasa nikusimulie boksi lenyewe. Tuliongozwa na fundi redio mpaka kwa bibi mmoja wa umri wa miaka sabini na kitu. Nilikuwa na mchumba wangu, ambaye ugonjwa huu wa vitabu ndio uliotukutanisha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Karibuni ndani, msisimame mlangoni kama wadai."

Boksi lilikuwa la marehemu mume wake, aliyekuwa karani enzi za kahawa ikiwa kahawa. Kila alipoona filamu akaipenda, alitafuta kitabu chake. Vilikuwa 41. Ndani ya jalada la kila kimoja aliandika kwa wino wa bluu tarehe aliyoiona na mtu aliyekwenda naye. Mjukuu wa bibi amepata nafasi chuo cha uuguzi na ada haijatimia. Mnunuzi mmoja alishapita wiki ile, akasema atalibeba boksi zima kwa shilingi 30,000.

"Na nyie mnasemaje?" akauliza bibi. "Hiyo hiyo ya huyo kijana inanitosha, nimechoka kuyatazama."

Nilishavipitia kimoja kimoja. *Hatari!* kilikuwepo, cha 1962, mgongo hauna mkunjo hata mmoja. *Mashimo* ya Kiswahili ya zamani ilikuwepo. Mchumba wangu alinisogelea akaninong'oneza: "Toa 30,000 tuondoke. Ametaja bei mwenyewe."

Nisimwonee. Hoja yake ilikuwa na miguu. Tumetumia miaka na nauli kujifunza vitu hivi. Muuzaji ametaja bei, mnunuzi amekubali, hakuna aliyeshikiwa panga. Kila mnada duniani unaishi kwa mtu kujua kuliko mwenzake. Lakini hapo tulikuwa kwenye kochi la mama wa watu, chai yake mkononi mwetu, naye ametuuliza sisi bei kwa sababu hasomi Kiingereza. Aliyeulizwa bei keshakuwa mshauri. Huwezi kuwa mshauri na mnunuzi kwa pamoja bila kusema ukweli.

Nikamwambia bibi tuvipange sakafuni. Vitabu 26 vilikuwa vya kawaida, vya shilingi 2,000 kila kimoja kwa mtu wa haki. Hiyo ni 52,000. Vitabu tisa vilikuwa vizuri, vya 5,000, yaani 45,000. Jumla 97,000 bila kugusa sita vilivyobaki. Na hivyo sita, nikamwambia, usimpe mtu wa boksi. Vipigwe picha jalada, mgongo na ukurasa wa haki miliki, atafutwe mkusanyaji mwenyewe Arusha au Dar. Vitachukua muda. Ada yote havitalipa, sitaki nikudanganye, lakini vitasogeza.

Bibi alikaa kimya. Kisha akaniomba nimsomee wino wa bluu, kitabu kwa kitabu. Nilipofika kwenye *Love Story* nikasita, maana jina lililoandikwa halikuwa lake.

"Soma tu, mwanangu. Namjua. Alikuwepo kabla yangu." Akacheka kidogo. "Yeye alikwenda sinema. Mimi nimefuta vumbi miaka yote hii. Hicho anza nacho, kiuze leo."

Shilingi 2,000. Soko na bibi walikubaliana kabisa.

Kwenye *The Snows of Kilimanjaro* jina lilikuwa lake. Ni chenye jalada la filamu na ni kizima, ila kwa hesabu za wakusanyaji yale maandishi yalikuwa yamekipunguza thamani. Bibi alikichukua mikononi mwangu kabla sijamaliza kueleza, akakiweka juu ya kabati, pembeni ya picha ya meku wake. Sita vikawa vitano. Sikubisha.

Kutoka pale tulitembea kimya mpaka karibu na mnara wa saa. Mchumba wangu alikuwa amenunua vinne katika vile tisa, akatoa 20,000 bila kuomba apunguziwe hata mia, jambo ambalo kwa tabia yake ni muujiza. Tulipokaa kula ndipo akasema: "Ningekuwa peke yangu ningelibeba lile boksi." Nikamjibu kuwa najua. Ni afadhali nimesikia hayo sasa kuliko baada ya kadi za harusi. Bado tunabishana, na bado tuko pamoja. Wewe mwenzangu ungemwambiaje bibi? Mjadili na mwenzako usiku wa leo, utajifunza kitu kumhusu.

Ukitaka kwenda

Desemba usiende kwa vitabu. Mji umejaa, kila mtu yuko nyumbani kula Krismasi, na hakuna anayefungua boksi mbele ya wageni. Januari ndiyo yenyewe. Nyumba zimesafishwa, watu wamerudi Dar, na mahitaji ya shule yanabisha hodi, kwa hiyo vitu vinatoka chini ya vitanda. Hapo hapo ndipo mtu anapouza kwa shida, kwa hiyo nenda na bei ya haki mfukoni.

Beba chenji ya noti ndogo, mfuko mgumu usiopitisha maji kwa ajili ya mvua, kitambaa kikavu, na simu yenye chaji ya kupigia picha. Vaa viatu vya kawaida. Salimia kwanza kila mlango. Ukikaribishwa mtori, kula, bei itazungumzwa baadaye. Na ukipata kitabu chenye wino wa bluu ndani, kabla hujakitoa kasoro, muulize mwenye nyumba ni jina la nani.